Somo kwa Wazazi: Kitabu cha Vina na Wanyama wa Nyumbani

Mtoto wa miaka minne akishika kitabu kichwa chini miguu juu, kisha akausoma ukurasa mzima bila kukosa neno, watu wazima hucheka. Wengine humnyang'anya kitabu wakisema, "Wewe husomi, umekariri tu." Katika somo hili twataka kumtetea mtoto huyo. Sisi tuliotumia sehemu kubwa ya maisha yetu katika chuo cha ualimu, tukiwaandaa walimu wa madarasa ya chini, twaona kwamba mtoto aliyekariri kitabu cha picha chenye vina amekwisha kuanza kusoma, ingawa hajui herufi hata moja. Naye asiyekipata kitabu cha namna hiyo hufika darasa la kwanza akiwa na macho mazuri, lakini masikio yake hayajafunzwa kazi.

Kitabu tunachokisema ni chembamba, kurasa nane au kumi na mbili. Kila ukurasa una picha ya mnyama mmoja wa nyumbani, na chini yake mistari miwili mifupi inayolingana vina. Basi, hakuna zaidi. Uingereza na Marekani vitabu hivyo ni vingi mno. Margaret Wise Brown wa Marekani aliandika Big Red Barn, kilichotoka mwaka 1956, juu ya wanyama wa ghala moja jekundu tangu asubuhi hata usiku. Sandra Boynton alitoa Moo, Baa, La La La! mwaka 1982, nacho karibu chote ni milio ya wanyama. Huko Uingereza Julia Donaldson alikuwa akitunga nyimbo za watoto kwa ajili ya televisheni. Wimbo wake mmoja ukageuzwa kuwa kitabu mwaka 1993, A Squash and a Squeeze, chenye picha za Axel Scheffler. Ndani yake bibi kizee analalamika kwamba nyumba yake ni ndogo. Mzee mwenye hekima anamshauri aingize kuku, kisha mbuzi, kisha nguruwe, kisha ng'ombe. Bibi anakosa hata pa kugeukia. Halafu anaambiwa awatoe wote, na kumbe nyumba ni ile ile, lakini sasa anaiona kubwa ajabu.

Hadithi hiyo ingependwa Korogwe kama inavyopendwa London. Lakini mtu akiifasiri, hadithi itavuka bahari, picha zitavuka, vina vitabaki ng'ambo. Maneno mawili yanayolingana kwa Kiingereza hayana sababu yoyote ya kulingana kwa Kiswahili. Mfasiri asipokuwa mtunzi, mtoto wetu hupewa maneno makavu yasiyokaa kichwani, na mzazi husema, "Mwanangu hapendi vitabu." Hapendi kitabu kile, na ana haki. Kwa sababu hiyo twasema kitabu cha vina hakifasiriwi. Hutungwa upya, katika lugha ambayo mtoto ataisikia.

Iko na shida ya macho. Ng'ombe wa vitabu vya Ulaya ana madoa meupe na meusi, na mgongo wake umenyooka kama meza. Ng'ombe wa maziwa wa namna hiyo siku hizi wapo hata kwetu, Arusha na Tanga, lakini mtoto wa Kongwa amemzoea ng'ombe mwenye nundu. Kondoo wa huko amejaa sufu kama godoro lililopasuka. Kondoo wetu ana manyoya mafupi na mkia mnene wenye mafuta, na kwa mbali hufanana na mbuzi. Mchoraji wa kwetu sharti ajue kwamba mkia wa mbuzi husimama na wa kondoo huning'inia. Akikosea hapo, mtoto wa mfugaji atakifunga kitabu. Nguruwe naye hakosekani katika vitabu vingi vya wageni. Katika shule ya vidudu ya mtaa, ambamo watoto wa jirani zetu Waislamu hukaa benchi moja na wa kwetu, twaona ni adabu kumwacha nje. Wanyama wa kutosha wapo.

Sasa tuje kwenye vina vyenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954, alizieleza kanuni za vina na mizani, na wengi wetu tulijifunza kwake. Kina ni silabi ya mwisho inayolingana na nyingine. Kwa mtu mzima hiyo yatosha. Kwa mtoto mdogo twataka zaidi kidogo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la mtoto hushika hapo hapo palipokazwa. "Maji" na "kijiji" yana kina kimoja, ji, lakini palipokazwa pana a kwa moja na i kwa jingine, na mtoto hahisi kitu. "Pembe" na "embe" yanalingana tangu kwenye mkazo hadi mwisho, na mtoto akiyasikia pamoja hucheka, hata kabla hajajua kwa nini anacheka. Tazama mfano:

Ng'ombe wetu ana pembe,
anatafuna maembe.

Kila mstari una mizani nane. Hesabu kwa makofi: ng'o-mbe-we-tu-a-na-pe-mbe. Mtoto asiyejua kuhesabu hadi nane hupiga makofi nane sawasawa, kwa sababu mdomo wake unamwongoza. Mingine tuliyotunga kwa namna hiyo ni hii:

Jogoo ndani ya tundu,
ana kilemba chekundu.

Mbuzi ameruka ua,
kayamaliza maua.

Bata na wanawe sita,
njiani wanatupita.

Mtunzi ajihadhari na vina vya bure. Kiswahili kina vina vingi vinavyookotwa njiani bila jasho. Ukisema, "Bata yumo bwawani, kichwa kiko majini," umepata ni na ni, lakini hiyo ni ya sarufi tu. Hata "kanisani" na "chooni" yangelingana nayo. Ni vivyo hivyo ukimalizia kwa "analala" na "anakula." Mtoto hasikii ajabu, kwa maana maneno yetu mengi ya vitendo huishia hivyo kutwa nzima. Kina kizuri ni kile kinachokutanisha vitu viwili ambavyo hakuna aliyetazamia vikutane: pembe na embe, ua la miti na maua ya bustanini. Tena kisikae ndani yake neno lililoitwa kuja kujaza nafasi. Ukiona mstari wa kitabu cha watoto umeishia na "jamani" au "kwa kweli," jua mtunzi alichoka.

Je, haya yana uhusiano gani na kusoma? Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Nature. Waliwapima watoto wapatao 400 wa miaka minne na mitano ambao bado hawakujua kusoma. Mtoto alisomewa maneno matatu au manne, akatakiwa ataje lipi halilingani na mengine kwa sauti. Kisha wakawafuatilia hadi walipotimu miaka minane na tisa. Waliokuwa na masikio mepesi utotoni ndio waliokuja kusoma na kuandika tahajia vizuri zaidi. Tena, wakachukua watoto 65 ambao masikio yao yalikuwa mazito, wakawagawa katika vikundi, vingine vikafundishwa kupanga maneno kwa sauti zake. Waliosonga mbele zaidi ya wote ni wale waliofundishwa sauti na kuonyeshwa pamoja nazo herufi za plastiki. Kwa hiyo sikio peke yake halimalizi kazi. Lataka baadaye liunganishwe na herufi. Lakini huanza sikio.

Hao walikuwa watoto wa Kiingereza, ambao wakishaisikia sauti bado wana msitu wa tahajia mbele yao. Mtoto wetu ana bahati kubwa zaidi. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, na walimu wetu tangu zamani huanza na silabi, ba be bi bo bu. Na kina ni nini kama si silabi? Mtoto aliyechezea "pembe, embe, jembe, wembe" kwa mwaka mzima ameishika mbe mkononi kama kokoto. Mwalimu wa darasa la kwanza huiacha mbe mpaka mwisho mwisho, kwa sababu ina herufi tatu nayo huwatisha watoto. Kwa mtoto huyu haitishi. Anapoonyeshwa jinsi inavyoandikwa, husema moyoni, "Kumbe wewe ndiwe yule!" (Ng'o yenye kitone chake juu ni jambo jingine, hiyo huwasumbua hata makarani. Ndivyo ilivyo, mnyama wa kwanza ambaye kila mtoto anamjua ana herufi ngumu kuliko wote.)

Jinsi ya kukisoma kitabu hicho pamoja na mtoto inahitaji maelezo, kwa sababu wazazi wengi husoma kama wanaosoma barua ya serikali. Keti naye bega kwa bega ili nyote muitazame picha upande mmoja. Siku ya kwanza soma tu, polepole, kidole chako kikipita chini ya maneno. Siku ya pili vivyo hivyo. Atataka kitabu kile kile siku ya tatu, ya nne na ya kumi, mpe. Mzazi ndiye anayechoka, si mtoto. Atakapokwisha kuzoea, simama kabla ya neno la mwisho: "Ng'ombe wetu ana pembe, anatafuna ma..." Kisha ngoja. Kungoja ni kugumu kuliko kusoma, maana ulimi wa mtu mzima unawasha. Ngoja hata hivyo.

Watoto wengine watasema "maembe." Lakini yuko mtoto atakayesema "majani," naye huyo twamheshimu sana. Amefikiri. Anajua ng'ombe hula majani, na neno lake limeanza na ma kama ulivyotaka. Amejibu kwa maana ya maneno, bali hajajibu kwa sauti yake. Usimwambie "umekosa." Mwambie, "Kweli, ng'ombe hula majani. Sasa sikiliza: pembe... majani. Pembe... maembe. Lipi linaitika?" Utamwona akitazama juu, kama mtu anayesikiliza mlio wa mbali. Katika dakika ile anafanya jambo ambalo mtu hulifanya mara chache maishani: anaisikia lugha kama sauti, akiiacha kando kama habari. Bila uwezo huo herufi hazina pa kushika, maana herufi ni alama ya sauti, wala si alama ya ng'ombe.

Baada ya hapo mchezo unaweza kuendelea bila kitabu, jikoni au njiani kwenda kisimani. "Nitajie linaloitika na pembe." Atasema jembe, wembe. Akimaliza ya kweli atabuni ya kwake, lembe, kembe. Yakubali yote, na mcheke pamoja. Ukimkemea kwa neno lisilo na maana utakuwa umerudi kwenye maana, na mchezo ulikuwa wa sauti.

Kuna faida nyingine ambayo haimo katika vitabu vya wageni. Lugha yetu ina majina ya mifugo ambayo watoto wa mjini wanayapoteza. Kuku kwao ni kuku tu. Lakini kuku ambaye bado hajaanza kutaga ni tembe, jogoo mchanga ni pora. Mbuzi dume ni beberu. Ng'ombe jike ambaye hajazaa ni mtamba, na mtoto wa ng'ombe ni ndama. Jogoo huwika, kuku aliyetaga hutetea, mbwa hubweka. Maneno hayo mafupi ni mali ya mtunzi wa vina. Tembe amekaa tayari anamngoja pembe. Na mtoto akisoma "ng'ombe wetu" mara mia, sikio lake halitakubali "ng'ombe yetu," hata kama mtaani kwao wote husema hivyo.

Wako wanaouliza: nyumbani kwetu mama yuko shambani au sokoni, mtoto anakaa na bibi yake, na bibi hajui kusoma, kitabu kitamfaa nini? Hapa ndipo kitabu cha vina kinapokishinda kitabu kingine chochote. Bibi akisomewa mistari ile mara mbili au tatu siku ya Jumapili baada ya ibada, anayo. Picha ya bata itamkumbusha bata, sita itamvuta "wanatupita," na ukurasa umesomwa. Tunao katika makanisa yetu wazee wanaoshika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili, wakaimba beti zote bila kukosea, na hakuna anayewauliza kama wanasoma. Bibi na mjukuu wakikaa na kitabu kile, mtoto anajifunza jinsi kitabu kinavyofunguliwa, kwamba habari huanza mbele na kuendelea nyuma, kwamba picha na maneno husema jambo moja, na kwamba kitabu ni kitu cha mtu anayempenda. Mwalimu wa darasa la kwanza huhitaji majuma mengi kuyafundisha hayo kwa mtoto asiyeyajua. Na kama bibi akibadili neno, akaweka la kwao, aachwe. Mara nyingi la kwake ni bora.

Kinachotuhuzunisha ni haraka ya wazazi wanaolipa karo. Tumesikia mzazi akilalamika kwamba mwanawe wa miaka mitatu "anaimba mbuzi na bata tu" wakati mtoto wa jirani ameletewa daftari la kunakili a mpaka z. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa nchi yetu ya Tanzania, na tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yamewekwa hasa kwa ajili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Muda wa herufi umetengwa, nao utafika. Mtoto wa miaka mitatu anayenakili a mara arobaini anafundisha vidole vyake uchovu. Wa mbuzi na bata anafundisha sikio lake kazi ya miaka yote ijayo. Twajua vilevile kwamba daftari huonekana, mzazi akaweza kulionyesha kwa wageni, sikio halionekani.

Vitabu vyenyewe vitapatikana wapi? Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kuwapatia watoto wetu hadithi za Kiswahili, na anayeweza kuzipata azinunue. Lakini kitabu cha vina vya mifugo, kilichotungwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajaanza shule, sisi hukiona dukani mara chache. Basi na kitengenezwe. Akina mama wa Umoja wakikutana alasiri moja, na vijana wawili wenye mkono wa kuchora, mtaa utapata vitabu sita au saba.

Anzeni na maneno kabla ya picha, na yasomeni kwa sauti mbele ya watoto. Mstari ambao watoto hawakuurudia wenyewe siku ya pili, utupeni. Kisha picha ichorwe ikiwa na vitu vyote viwili vya kina: ng'ombe awe na pembe zake, na embe lionekane mdomoni, kwa sababu macho ndiyo yatakayoliita neno lile. Ijaribuni kwa kufunika maneno kwa kiganja na kumwuliza mtoto, "Hapa kuna nini?" Asipolitaja embe, picha haijakamilika. Asiyeweza kuchora akate picha kutoka kalenda za zamani au mifuko ya chakula cha kuku, aibandike kwa gundi ya unga wa muhogo, lakini embe alichore mwenyewe. Ukurasa mmoja mnyama mmoja. Herufi ziwe ndogo za kawaida, si kubwa zote kama za mabango, na zimo wa kidole gumba cha mtu mzima. Maneno yakae mahali pamoja katika kila ukurasa, chini, ili kidole kisiyatafute.

Karatasi ya manila ndiyo ifaayo. Ya daftari haimalizi juma moja mikononi mwa mtoto wa miaka mitatu. Karatasi mbili kubwa, zikikunjwa na kukatwa vizuri, hutoa kitabu kimoja na jalada lake. Kishoneni katikati kwenye mkunjo, matundu matano, kwa uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili. Msitumie pini za mashine, kwa maana hupata kutu na watoto hutia vitabu mdomoni. Tena sindano iwe ya kawaida, kwa sababu ile ya kushonea magunia huchana manila.